Bodi ya Cobra chini ya kenchi

Kwa miezi 14 nilifanya kazi chini ya gari langu, na sina maana ya kulala mgongo chini ya injini. Bodi nzima, pua hadi mkia, ilikuwa imening'inia darini mwa gereji yangu hapa Minnesota, nami niko chini yake nikifunga breki, nikipitisha nyaya, nikiunga mabomba ya petroli. Wageni wakiingia huuliza injini ni ya ukubwa gani. Sijapata mgeni aliyeuliza ile bodi huko juu imeshikwa na nini. Kwangu mimi hilo ndilo swali lililoninyima usingizi, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Gari lenyewe ni nakala ya Cobra. Cobra ya asili ilizaliwa mwaka 1962, pale Carroll Shelby, dereva wa mashindano wa Marekani aliyeacha mbio kwa ugonjwa wa moyo, alipochukua gari dogo la kampuni ya AC ya Thames Ditton, Uingereza, akalitia injini ya Ford ya silinda 8. Bodi za wakati ule zilikuwa za alumini. Zilizobaki ni chache na bei yake ni ya matajiri, ndiyo maana zipo kampuni zinazouza gari la kujiundia: unaletewa chasisi, bodi ya faiba na maboksi ya vipuri, injini na giaboksi unatafuta mwenyewe, halafu unaliunda nyumbani kwa mikono yako. Langu limetoka Factory Five ya Wareham, Massachusetts, ambao wanafanya kazi hiyo tangu mwaka 1995.

Lori lilipolileta mwezi wa Aprili, bodi ilikuwa imepakatwa juu ya chasisi, na kwa mbali ungesema gari limekamilika. Jirani yangu alivuka barabara kuja kunipongeza. Lakini kazi ya kwanza, kabla hujafungua hata boksi moja, ni kuivua hiyo bodi, kwa sababu kila kitu kinafungwa kwenye chasisi ikiwa uchi. Ukishaivua, gari moja limekuwa mawili kwa nafasi. Cobra ya asili yenye injini kubwa ilikuwa na urefu wa mita 3.96 na upana wa mita 1.73, na nakala haitofautiani sana na hapo. Gereji yangu ni ya magari mawili. Nina chasisi, nina bodi, na nina gari la mke wangu, ambalo wakati wa baridi halilali nje. Nilipoanza kueleza mipango yangu, mke wangu alisema neno moja tu: "Januari." Asiyewahi kukwangua barafu kwenye kioo saa 11 alfajiri, nje kuna nyuzi 25 chini ya sifuri, hawezi kujua neno hilo lina uzito gani.

Kuiweka uani chini ya turubai nilikataa mapema. Theluji ikilala juu ya turubai inageuka mzigo, na faiba haipendi kubebeshwa mahali ambapo haina mbavu. Njia ya pili ni ile inayotumiwa na wengi: unaunda jukwaa la mbao za mbili kwa nne lenye magurudumu, refu kiasi cha kupita juu ya chasisi, bodi inakaa juu yake na unalisukuma huku na huku. Ni njia nzuri na salama, na mwenye nafasi nampa shauri hilo bila kusita. Lakini miguu ya jukwaa inakula sakafu, na kila ukitaka spana iliyoko upande wa pili lazima uzunguke. Ikabaki njia ya juu.

Niliposema juu, nilikuwa namfikiria babu yangu.

Babu alikuwa nahodha wa jahazi, Pangani na Unguja, nazi na boriti za mikoko. Nilipokuwa mdogo nilipanda chombo chake mara chache, na kitu kilichonikaa kichwani ni kutweka, yaani kupandisha tanga. Foromali ya jahazi ni mti mrefu na mzito, na tanga lililofungwa juu yake likilowa uzito unazidi. Kuna henza, kamba nene inayoishika foromali na kupita juu ya mlingoti, halafu kuna gofia, yaani kapi, na ndani ya gofia inapita jarari, na jarari ndiyo wanayoivuta mabaharia kwa pamoja. Mtoto nikishangaa jinsi watu wachache walivyoupandisha mti ule hadi juu. Siku moja babu alinishikisha jarari, akaniambia nivute nitazame: kamba nyingi inapita mkononi, foromali inapanda kidogo tu. Hiyo ndiyo siri yote ya kapi. Ukitaka uzito upungue, unalipa kwa urefu wa kamba. Kapi moja linalopanda pamoja na mzigo linakupunguzia nusu ya nguvu, na kwa kila mita mzigo unayopanda unavuta mita 2.

Basi nikaamua nitatweka. Kona nne, watu wanne, kila kona na kapi lake la juu na la chini.

Kabla ya kamba kuna kenchi, na hapo ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Nyumba za huku paa lake linabebwa na kenchi za mbao nyembamba zilizounganishwa kwa mabati yenye meno, zikipangwa kila baada ya sentimita 60. Mbao ya chini ya kenchi, ile unayoiona ukipanda darini, mara nyingi imekokotolewa kubeba dari la jipsamu na sufi ya kuzuia baridi, basi. Hakuna aliyeifanyia hesabu ya kuning'iniza gari. Isitoshe, kenchi hizohizo ndizo zinazobeba theluji ya Februari. Mbao hiyo ikiitwa mbili kwa nne, unene wake halisi ni milimita 38. Ukichimbia skrubu ya ndoano kwa chini, unaitegemea ile skrubu isichomoke, tena kwenye ukingo mwembamba ambao ukikosea katikati kidogo mbao inapasuka. Nimeona picha za watu waliofanya hivyo, ndoano nne na kamba za nguo. Sitaki hata kuzifikiria.

Mimi nilimwita mtaalamu wa miundo aje aangalie, nikamlipa, na ndiyo fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote za mradi huu. Tulikubaliana hivi: badala ya kutundika chini ya kenchi, tupande darini na kulaza mbao ndefu mbili juu ya mbao za chini za kenchi, kila moja ikikalia kenchi tano. Bolti yenye pete inapita kwenye mbao hiyo ndefu kwenda chini, juu ina washa pana na nati mbili. Kwa njia hiyo mzigo unakandamiza mbao kwa juu, hauvuti skrubu kwa chini, na unagawanywa kwenye kenchi tano badala ya moja. Kenchi yenyewe haikutobolewa wala kukatwa popote. Hilo la kutokata alilirudia mara tatu kabla ya kuondoka.

Kipimo kilichofuata ni cha mlango. Mlango wa gereji ukifunguka unapanda na kulala juu kwenye reli, na watu husahau kwamba hewa ile si yao. Gereji yangu ina kina cha mita 7.3. Mlango ukiwa wazi unachukua mita 2.3 upande wa mbele, zinabaki mita 5, na bodi ina mita 4 hivi. Inatosha, lakini inatosha tu kama bodi imesogezwa kabisa nyuma. Dari langu lina mita 3, na bodi ikipanda hadi kukaribia jipsamu naweza kusimama chini yake nikiwa na vidole vinne kati ya utosi wangu na ukingo wake.

Bodi yenyewe si nzito kama inavyoonekana. Ukitoa milango, boneti na mfuniko wa buti, niliipima kwa mizani, mbele kwanza kisha nyuma, jumla haikufika kilo 70. Watu wawili wenye nguvu wanaiinua. Tatizo lake ni ulegevu. Bila milango, kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma kilichobaki ni vizingiti viwili vyembamba, na bodi inayumba kama mkeka uliokunjwa nusu. Ukifunga mikanda miwili na kuikusanya juu kwenye ndoano moja, mikanda inakaa mshazari na kuziminya mbavu kuelekea ndani. Mshazari una adhabu nyingine pia. Mkanda ukisimama wima, kila upande unabeba nusu ya mzigo. Ukilala mpaka pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, kila upande unabeba uzito wote. Kwa hiyo nilitengeneza foromali zangu mbili, mbao mbili pana kuliko bodi, moja mbele na moja nyuma, mikanda ikashuka wima kutoka ncha zake na kupita chini ya kingo. Mikanda niliyochagua ni ya poliesta. Ile ya nailoni inanyumbuka zaidi, na mzigo wa kukaa juu miezi mingi hautaki kitu kinachonyumbuka.

Na lipo jambo la kona nne ambalo sikulijua mpaka yule mtaalamu aliponieleza. Nilikuwa nimegawanya kilo kwa nne, nikaona kila kona inabeba kilo 20 hata nikijumlisha na mbao za foromali. Akasema hapana. Meza ya miguu minne ikiwekwa sakafu isiyo sawa inasimama kwa miguu miwili ya mkabala na mmoja wa kujishikiza. Mzigo wa kona nne uko hivyohivyo: kamba moja ikilegea kidogo, kona mbili za mkabala ndizo zinazobeba karibu kila kitu. Hivyo kila kona ihesabiwe kama itabeba nusu ya mzigo, halafu ndipo uongeze akiba yako juu ya hapo.

Siku yenyewe walikuja marafiki watatu, wawili wa Tanga na mmoja wa Goma. Shemeji yangu alikuja kusimama pembeni na kutazama. Tukasema bismillahi tukavuta. Yule kijana wa Goma ana mikono kama ya mchimba mawe, na kona yake, ya nyuma kushoto, ikapanda kwa kasi. Nilikuwa nimeshughulika na kona yangu sikuona. Shemeji ndiye aliyepiga kelele, "Tua! Tua!" na wakati huohuo bodi ikainama, mkanda wa mbele ukateleza kiganja kizima, na mkia ukagonga reli ya mlango. Mlio wake ulikuwa mdogo. Lakini nilihisi tumboni. Rangi ya juu ya faiba ilibanduka kipande cha ukubwa wa sarafu, na chini yake nyuzi zikaonekana.

Tulishusha bodi, tukanywa chai. Kosa lilikuwa langu, sikuweka mtu wa kuita. Jahazini hakuna anayevuta kwa hiari yake. Yupo anayeita, wengine wanaitikia na kuvuta pamoja, na akinyamaza mikono inasimama. Mara ya pili shemeji ndiye aliyeita, sisi tukawa tunavuta kiganja kimoja kwa kila mwito, na katikati ya kila mwito alipita na rula akipima kona kutoka sakafuni. Vibao vidogo vilivyopigiliwa kwenye mbao za foromali vikazuia mikanda kuteleza. Ilipanda sawa kama maji. Haikuchukua hata dakika kumi.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wanafunga kamba ukutani wanaenda kula. Mimi nasema kinachopandisha si kazi yake kushika. Kamba inatambaa, kifundo kinalegea, mtoto anaingia na kugusa. Winchi za umeme zinazouzwa kwa bei nafuu zimetengenezwa kuinua na kushusha, hazikutengenezwa kukesha na mzigo. Zile winchi za mkono za trela la boti, mtu mmoja alinishauri nizitumie, nyingi hazina breki ya kujishika: mkono ukiponyoka, mpini unazunguka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kwa hiyo bodi ilipofika juu tulifunga minyororo minne ya chuma, mmoja kila kona, kila mmoja ukishika bolti yake mwenyewe, tofauti na ile ya kapi. Kisha tukalegeza kamba mpaka minyororo ikabeba kila kitu, na kamba zikabaki zimening'inia kama akiba. Sikuanza kufanya kazi chini mpaka nilipomwona mke wangu mwenyewe anautikisa mnyororo kwa mikono miwili na kuridhika.

Wiki ile nilimpigia mjomba wangu Tanga, aliyerithi chombo cha babu na baadaye akahamia kwenye boti za faiba. Nilimwelekeza simu juu aone.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hicho kimelala wapi?"

"Kimening'inia, mjomba. Kwenye mikanda miwili."

Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Katikati kuna nini?"

Nikamwambia katikati hakuna kitu, ni mbele na nyuma tu.

"Faiba haisahau," akasema. "Boti mpya ukiilaza vibaya miezi mitatu, itaelea imepinda. Itafutie kitanda."

Nilimsikiliza kwa adabu na sikufanya kitu. Kwangu bodi ilikuwa salama, haianguki, na kuanguka ndiko nilikokuwa nimepigana nako. Miezi ikapita. Julai na Agosti gereji ikawa tanuri, na joto lote hupanda kukaa darini, palepale ilipo bodi. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, na rezini ikibebeshwa muda mrefu hulegea taratibu, joto likizidi hulegea upesi zaidi. Septemba nilitaka kujaribu bawaba za milango. Nilikuwa na kipimo cha nafasi ya mlango nilichochukua siku ya kwanza, kimeandikwa kwa penseli ukutani. Nikapanda ngazi nikapima. Upande wa kushoto nafasi ya juu ilikuwa imepungua milimita 9.

Milimita 9 ni kubwa. Mlango wa gari hili unakaa na mwanya wa milimita 4 au 5 pande zote. Nilichokuwa nimefanya ni kuibeba bodi kwa ncha zake mbili, na katikati, kwenye vile vizingiti vyembamba, ikawa inazama kidogo kila siku. Ikizama katikati, kingo za juu za nafasi ya mlango zinasogeleana. Kilichotokea ni kile mjomba alichoniambia, tena kwa simu, kwa kuangalia picha inayotikisika.

Wale marafiki watatu wakaja tena. Tuliishusha, na safari hii nikatengeneza kitanda kweli. Mbao mbili za sita kwa mbili, urefu wa bodi nzima, zikiunganishwa na mbao za kupita sita, umbo la ngazi pana. Juu ya mbao za pembeni nikabandika vipande vya zulia nene. Bodi ikalala juu ya kingo zake zote kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele mpaka mkia, na chini ya kila kizingiti nikaweka kabari za mbao, nikizigonga kidogo kidogo huku nikipima nafasi ya mlango. Milimita 7 zilirudi siku hiyohiyo. Nilikaa chini nikashukuru Mungu. Milimita 2 hazikurudi. Nikaweka pia mti wa kupita ndani, bega kwa bega, kuzuia pande zisitanuke wala kusinyaa, na milango, boneti na buti nikazihifadhi zimesimama wima ukutani, kila moja imeegemea sponji.

Kisha tukatweka kitanda, bodi ikiwa juu yake kama bibi harusi. Kamba na minyororo sasa inashika mbao, haigusi faiba hata mahali pamoja. Kitanda kiliongeza kilo 35 hivi, na nilimrudia yule mtaalamu kwa hesabu mpya kabla ya kuvuta. Ningeanza na kitanda tangu Aprili ile ya kwanza, nisingehitaji mikanda wala vibao wala rula ya shemeji.

Januari ilipofika gari la mke wangu lililala ndani. Theluji iliyokuwa ikiyeyuka kutoka kwenye matairi yake ilijaza gereji unyevu, kwa hiyo bodi niliifunika shuka za pamba badala ya nailoni, ipate kupumua. Kwenye chasisi kazi ikaendelea: breki, mabomba, injini ikaingia Machi. Mei, kama ilivyo desturi ya waundaji wa magari haya, niliendesha bila bodi, kiti na usukani na mabomba ya chuma tu, kwenda na kurudi kwenye kibarabara chetu kisichopitisha magari. Watoto wa mtaa walikimbia pembeni. Niliporudi ndani na kuzima injini niliinua macho, na kile kivuli kikubwa kilikuwa bado kiko palepale.

Juni tuliishusha. Nilimpigia mjomba, kwake ilikuwa usiku, akakataa kukata simu mpaka amalize kuona. Tulimweka juu ya kabati. Shemeji akaita, sisi tukaachia kiganja kwa kiganja, kitanda kikashuka mpaka kwenye stendi nne. Tukaiinua bodi kwa mikono, wawili wakatanua pande kidogo ili zipite kwenye chasisi, ikaketi. Nikafunga mlango wa kushoto, nikarekebisha bawaba kwa zile milimita 2, nikausukuma kwa kidole.

"Umefunga?" mjomba akauliza kutoka juu ya kabati.

"Umefunga, mjomba."

"Fungua tena, ufunge. Nataka kuusikia."